Uzi maalumu: Kadi za zamani za wachezaji wa Uingereza. Ukizikuta, geuza mgongo kwanza

#1 · Mleta uzi (Nottingham)

Wakuu, heshima kwenu.

Kazi yangu huku Uingereza ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Miaka sita iliyopita nilikuwa naenda kwa mzee mmoja asubuhi na jioni: kumwogesha, kumpa dawa, kumpashia chakula. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja aliniona nimevaa fulana ya Arsenal, akaniagiza nimletee kopo la bati lililokuwa juu ya kabati. Ndani mlikuwa na kadi zimefungwa kwa raba, kila moja ina urefu wa karibu sentimita saba na upana usiofika nne, zenye picha za wachezaji waliovaa kaptura za kufika magotini na viatu vya kufunika vifundo vya miguu. Nikawa nazitazama moja moja, nasifia picha. Akaniacha nimalize, kisha akasema, "Unaangalia upande usio wenyewe. Geuza."

Nikageuza, na tangu siku hiyo sijaacha kuzikusanya. Watu wengi wakisikia habari za kadi hizi huuliza mambo mawili, picha ya nani na bei gani. Mimi nataka niwaelezee mgongo, maana huko ndiko kuna jina la kampuni iliyoitoa, jina la seti, namba ya kadi, maelezo ya mchezaji, na mara nyingine mwandiko wa mtoto aliyeimiliki.

Asili yake ni pakiti za sigara. Miaka ya 1880 sigara ziliuzwa katika pakiti laini za karatasi, zikawa zinavunjika mfukoni. Makampuni yakaanza kutia kipande cha karatasi ngumu ili pakiti isimame. Kwa kuwa kipande kilikuwa kinaingia humo kila siku, wakaona wakichape tangazo, kisha picha: wanajeshi, meli, wafalme, wacheza kriketi, na hatimaye wacheza mpira. Ukiwa na picha 49 na seti ina 50, mvutaji hahami kampuni mpaka aipate ile moja.

Ila si kadi zote za mpira za enzi hizo zilitokana na tumbaku. Katika mji wa Bradford alikuwapo John Baines, mwenye duka la vitu vya watoto, aliyechapa kadi zenye umbo la ngao na rangi kali, za soka, ragi na kriketi, akiwauzia watoto sita kwa nusu peni. Nimewahi kushika moja mnadani, dakika mbili tu. Karatasi yake nyepesi, rangi bado inawaka, na ni kitu cha zaidi ya miaka 120 kilichokuwa mikononi mwa watoto. Zilizobaki nzima ni chache.

Baadaye ndipo wakubwa wa sigara walipoingia kwa nguvu: Wills wa Bristol, Player's wa hapa hapa Nottingham, Ogden's na Cope's wa Liverpool, Churchman wa Ipswich, Gallaher wa Belfast, Taddy wa London. Mwaka 1901 tajiri wa tumbaku wa Marekani, James Buchanan Duke, aliinunua Ogden's ili aingie soko la Uingereza. Makampuni ya hapa yakaungana kumkabili, ndipo ikazaliwa Imperial Tobacco. Ushindani huo uliwafaa sana watoto, maana kila upande ulitaka pakiti yake iwe na picha nzuri zaidi.

Sasa mgongo. Kwa shabiki wa leo, jambo la kwanza litakalomshangaza ni majina ya timu. Ukikuta kadi imeandikwa Newton Heath, hiyo ni Manchester United kabla ya mwaka 1902. Ukikuta Woolwich Arsenal, ni Arsenal ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilipokuwa bado na jina la mtaa wa kiwanda cha silaha kusini mwa Mto Thames. Ilihamia Highbury mwaka 1913 na jina la Woolwich likaachwa muda mfupi baadaye. Leicester Fosse ni Leicester City ya kabla ya 1919. Small Heath ikawa Birmingham mwaka 1905. Kwa hiyo hata kadi isiyo na mwaka, na nyingi hazina, inajitaja umri wake yenyewe. Na ukiona mchezaji wa ligi ana namba mgongoni mwa jezi, karibu hakika picha ni ya kuanzia mwaka 1939, kwa sababu kabla ya hapo namba katika ligi zilivaliwa kwa majaribio machache tu.

Maelezo yenyewe ni mistari michache: alizaliwa wapi, alianzia timu gani, alinunuliwa na nani, urefu, uzito. Mzee wangu alikuwa akinisomea kwa sauti huku nikimvalisha soksi. Ukizisoma hamsini mfululizo unaanza kuiona Uingereza ya wakati ule, vijana waliotoka machimbo ya makaa ya mawe na viwandani. Kuanzia 1922 mpaka vita vya pili mshahara wa mchezaji ulikuwa na kikomo, pauni 8 kwa wiki na si zaidi. Arsenal walipomnunua David Jack kutoka Bolton mwaka 1928 kwa zaidi ya pauni 10,000, nchi nzima ilizungumza, na kikomo cha mshahara kilibaki pale pale. Kiliondolewa mwaka 1961.

Nitaendelea. Maswali karibuni.

#2 · Mchangiaji (Mwanza)

Mkuu, uzi umetulia. Mimi niende moja kwa moja: hizi kitu zinalipa? Nina shemeji yangu yuko London, nataka nimwambie aanze kuokota.

#3 · Mleta uzi

Mkuu, nikueleze kama ndugu. Ukiingia kwa kutafuta pesa ya haraka utaumia. Kadi za miaka ya 1930 zilichapwa kwa mamilioni. Seti kamili ya 50 ya Player's, Wills au Churchman iliyo safi unaweza kuipata kwa makumi ya pauni, na za hali ya chini hata pungufu ya hapo. Mwambie shemeji yako kwamba umri pekee haufanyi kitu kuwa ghali.

Zenye bei kubwa ni zile ambazo zilitoka chache au hazikutunzwa. Ngao za Baines. "Prominent Footballers" za Taddy, zilizoanza mwaka 1907, ambazo ziko kwa mamia na zimepangwa timu kwa timu, na kampuni yenyewe ilifungwa mwaka 1920. "Noted Footballers" za Cope's. Hizo kadi moja tu yaweza kuzidi seti nzima ya miaka ya 1930. Halafu hali: pembe nne zikiwa kali, hakuna mkunjo, mgongo hauna gundi wala mwandiko, bei hupanda mara kadhaa.

Gundi ni janga kubwa. Miaka ya 1930 makampuni yaliuza vitabu vya kubandikia kwa peni moja, na kadi nyingi zikaja na gundi mgongoni, unalamba unabandika. Watoto wakabandika. Leo vitabu hivyo vimejaa kila mahali, vinapendeza, ila kadi zake hazina thamani ya kuuza na, kwangu mimi kibaya zaidi, mgongo umefichwa milele. Ukinunua kitabu, kinunue kwa kukipenda. Usijaribu kuzibandua kwa maji moto, nimeharibu sita hivyo.

Ushauri wangu kwa anayeanza: chagua seti moja ya bei nafuu, uikamilishe kwa kununua moja moja. Mimi nilianza na Gallaher "Famous Footballers". Ilinichukua miezi kumi na moja, kutoka masoko ya Jumapili ambako watu huuza vitu kwenye buti za magari, na maduka ya hisani. Kadi ya mwisho niliipata Derby ndani ya boksi la vifungo vya nguo. Ningenunua seti nzima siku moja nisingeijua hata nusu ya wachezaji wale.

#4 · Mchangiaji (Nairobi)

Kaka, asante kwa maelezo, lakini kuna kitu kinanisumbua. Sigara na watoto wapi na wapi? Yaani kampuni za tumbaku zilikuwa zinawavutia watoto kwa picha za wachezaji na watu wakanyamaza?

#5 · Mleta uzi

Dada yangu, umeuliza swali la msingi na sitalipamba. Ndivyo ilivyokuwa. Mnunuzi alikuwa baba, mjomba, kaka, na mtoto alisimama nje ya duka la sigara akiomba kila anayetoka ampe picha. Mzee wangu aliniambia yeye na kaka yake waligawana milango ya maduka mawili ili wasigombane. Aliyeipata picha alikuwa anajifunza jina la sigara pamoja na jina la mchezaji. Napenda kadi hizi na bado naona lile lilikuwa jambo baya. Yote mawili ni kweli.

Zilikoma mwanzoni mwa mwaka 1940 kwa sababu ya uhaba wa karatasi vitani. Baada ya vita kazi ile ikachukuliwa na peremende na ubani wa kutafuna. Ila hapo napo kuna jambo litakalokukera tena: Barratt, watengeneza peremende, walitoa kadi za "Famous Footballers" ndani ya pakiti za sigara za peremende, vijiti vya sukari vyenye ncha nyekundu ili mtoto ajifanye anavuta.

Chai nayo iliingia. Typhoo walichapa picha za wachezaji ubavuni mwa pakiti, unakata kwa mkasi. Kwa hiyo ukikuta kadi ya Typhoo yenye kingo zilizopinda, ni mkono wa mtoto na mkasi wa mama yake.

#6 · Mchangiaji (Mombasa)

Assalaam aleikum ndugu yangu. Babu yetu mzaa baba, Mungu amrehemu, alikuwa baharia, akenda Liverpool na Cardiff miaka hiyo. Kwenye sanduku lake tumekuta kadi tatu za mpira. Mbili mgongoni ni rangi ya kijani, moja ni ya kahawia, zote zimeandikwa Gallaher. Moja imeshikana na bahasha, nachelea kuivuta. Je, ni kitu au ni taka?

#7 · Mleta uzi

Waaleikum salaam. Ndugu yangu, umenifurahisha leo, maana hiyo ndiyo seti yangu ya kwanza!

Za kijani ni "Famous Footballers" ya Gallaher ya mwaka 1925, kadi 50. Ya kahawia ni ya mwaka 1926, nayo 50. Unaona faida ya mgongo: hukuhitaji kunitumia hata picha ya mbele. Kwa bei si za kutajirisha mtu, lakini babu yako alizibeba kuvuka bahari na hakuzitupa, kwa hiyo msiziuze.

Ile iliyoshikana usiivute. Joto na unyevu wa Mombasa ndiyo adui. Iacheni na bahasha yake, iwekeni mahali pakavu, ndani ya kopo lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Zile mbili zitieni kwenye mifuko myembamba ya polipropilini. Epukeni plastiki laini yenye harufu ya mpira, ya PVC. Ikikaa miaka inatoa mafuta yanayoharibu kadi. Na msizitie kwenye fremu ukutani panapopiga jua, rangi itakwenda yote.

Halafu andikeni kwenye karatasi ya pembeni jina la babu na mlipozikuta. Karatasi ya pembeni tu, msiandike kwenye kadi.

#8 · Mchangiaji (Dodoma)

Mkuu, bandia je? Mtu akiwa mgeni anajuaje kuwa hajauziwa fotokopi?

#9 · Mleta uzi

Nimeshapigwa, mkuu, kwa hiyo nalijibu hili kwa uchungu.

Mwaka wangu wa pili nilinunua mtandaoni kadi tatu za Taddy kutoka kwa muuzaji mmoja aliyesema ni za marehemu babu yake. Nililipa pesa ya zamu nne za usiku. Zilipofika zilikuwa safi mno, nikafurahi, na furaha ile ndiyo iliyonipumbaza. Wiki hiyo niliingia dukani kwa mama mmoja anayeuza vyakula vya kwetu, unga, dagaa, mawese. Ana ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Nikaziweka chini ya taa. Zikang'aa nyeupe-buluu kama shati jipya.

Sababu yake ni kwamba viwanda vya karatasi vilianza kutia dawa ya kung'arisha baada ya vita vya pili. Karatasi ya kabla ya vita chini ya taa ile inabaki hafifu, ina rangi ya maziwa yaliyochacha. Kadi inayodaiwa kuwa ya mwaka 1907 ikiwaka, si ya 1907. Taa hiyo mnayo kwenye maduka mengi huko nyumbani, haina gharama kuomba.

Kipimo cha pili ni kioo cha kukuzia. Kuna kadi ambazo ni fotografia halisi, mfano zile za Pinnace za kampuni ya sigara ya Godfrey Phillips za miaka ya 1920, seti ya kutisha yenye wachezaji 2,462. Fotografia halisi ukiikuza haina nukta, inatiririka kijivu mpaka nyeusi. Ukiona nukta nukta za mashine, umeuziwa nakala.

Na cha tatu ni mgongo. Kuna nakala halali zilizochapwa kwa ajili ya wapenzi wasioweza kumudu za asili, na nyingi zimeandikwa mgongoni kuwa ni nakala. Tapeli huuza kwa kuonyesha picha ya mbele peke yake. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha mgongo, achana naye.

Wanaotaka kujifunza zaidi: kuna London Cigarette Card Company, ipo tangu 1927 na hutoa katalogi ya bei, na chama cha wakusanyaji, Cartophilic Society, kilichoanzishwa 1938. British Museum wana hazina ya Edward Wharton-Tigar, aliyewaachia zaidi ya kadi milioni moja, na baadhi unaweza kuzitazama mtandaoni hata ukiwa Dodoma.

#10 · Mchangiaji (Arusha)

Mimi kijana wa juzi. Tulikuwa tunakusanya picha za kwenye bigijii shuleni, unacheza kwa kupiga na kiganja, ikigeuka umekula. Hizo za Waingereza za bigijii hazipo?

#11 · Mleta uzi

Zipo, na wao pia walicheza! Walizirusha ukutani, ambaye kadi yake imekaribia ukuta zaidi ndiye mshindi, ndiyo maana pembe za kadi nyingi zimelika. Mimi pembe iliyolika haininyimi usingizi.

Za bigijii, jina kubwa ni A&BC wa Romford, Essex, waliotoa kadi za mpira kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpaka Topps wa Marekani walipoichukua nafasi yao katikati ya miaka ya 1970. Wakusanyaji hata hawaziiti kwa mwaka, huziita kwa rangi ya mgongo: za kijani, za chungwa, za zambarau. Timu za Scotland zilikuwa na seti zao. Kuna za mwanzoni mwa miaka ya 1970 zenye eneo jeupe mgongoni, unasugua kwa ukingo wa sarafu jibu la swali linatokea. Kwa hiyo zisizosuguliwa ndizo zenye bei. Na kadi ya orodha, ambayo mtoto alitakiwa aweke alama kwa kila aliyempata, isiyo na alama ni adimu, maana mtoto gani angevumilia? Nyingine zina doa la mafuta la ubani wenyewe.

Raha ya kipindi hiki ni kumfuata mtu mmoja. Stanley Matthews ana kadi za kabla ya vita akiwa Stoke City, za baada ya vita akiwa Blackpool alikohamia 1947, na alirudi Stoke 1961 akacheza mpaka 1965 akiwa na miaka 50. Ukizipanga mezani unamwona nywele zikipungua.

Mwaka 1978 Panini wakaleta kitabu chao cha stika za ligi ya England na watoto wakahamia huko. Mimi naishia hapo, stika haina mgongo wa kusoma.

#12 · Mchangiaji (Mwanza)

Mkuu, mimi wa #2, nimerudi. Nimesoma mpaka mwisho. Yule mzee ikawaje?

#13 · Mleta uzi

Alifariki majira ya baridi, akiwa na miaka 91. Binti yake alitaka kunipa kopo zima. Kanuni za kazi yetu zinatukataza kupokea zawadi kubwa, nikaripoti ofisini, wakaniruhusu kadi moja na ikaandikwa kwenye daftari.

Nilichagua kadi ya Churchman ya mwaka 1938. Picha yake imefifia na pembe moja haipo. Mgongoni, juu ya maelezo ya mchezaji, kuna mwandiko wa penseli wa mtoto. Mzee alishanisimulia: ni mwandiko wa kaka yake, yule waliyegawana naye milango ya maduka. Alimwachia kadi zake alipoitwa jeshini, na hakurudi.

#14 · Mchangiaji (Dodoma)

Pole sana mkuu. Lakini kitaalamu, hiyo penseli haifutiki? Si umesema mwandiko unashusha bei?

#15 · Mleta uzi

Unashusha, ndiyo. Raba ingeifuta penseli, na ingekwangua uso wa karatasi pia, alama ingebaki ikionekana ukiiinamisha kwenye mwanga. Kwa hiyo hata kitaalamu haishauriwi.

Ila sijakwambia kilichoandikwa. Ni jina lake la kwanza, darasa lake, na chini yake maneno mawili yaliyopigiwa mstari: haibadilishwi kabisa.